Sura ya Saba: Usiongeze Dakika Kabla ya Kupima

Doa la kahawia kwenye nyasi huanzia mahali penye visingizio: kando ya njia ya gari, kwenye kona ya ukuta, chini ya mwarobaini. Wiki mbili za kwanza watu hulaumu jua. Doa likishakua, agizo linalotolewa karibu kila nyumba ni lilelile: ongeza maji. Taima ya sprinkla inasogezwa kutoka dakika kumi hadi ishirini, pampu inanguruma alfajiri yote, tanki linaisha kabla wenye nyumba hawajaoga, na doa linabaki palepale. Hatua tatu tu kutoka hapo udongo umegeuka tope na nyasi zimeanza kushika kuvu.

Bustani za namna hii zipo Mbezi Beach, zipo Nyali, zipo Njiro na Karen. Nyingi zinapewa maji ya kutosha. Shida ni kwamba maji hayo hayaanguki sawasawa, na dakika za ziada haziwezi kusawazisha kitu. Zinaongeza tope penye tope, na pakavu zinaacha pakavu. Kwa hiyo ninamsihi msomaji asiguse taima mpaka amalize ukaguzi ulioelezwa katika sura hii.

Tuanze na hesabu. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ndiyo maana umwagiliaji hupimwa kwa milimita, kama mvua. Nyasi za nchi za joto, katika jua kali la kiangazi, zinahitaji takriban milimita 20 hadi 25 kwa wiki. Uwanja wa mita za mraba 150 ukipewa milimita 20 unakunywa lita 3,000, yaani ndoo 150 za lita ishirini, kila wiki. Katika mji ambao watu wa mtaa wa pili wanapanga foleni na madumu, kiasi hicho cha maji kinastahili heshima. Mwenye bustani anayemwaga mara mbili ya hapo kwa sababu kichwa kimoja cha sprinkla kimeinama anapoteza maji ambayo mtu mwingine angeyapikia.

Ujue pia unachokimwagilia. Ukoka una mizizi inayokwenda chini sana, na ukikosa maji hulala: majani hukauka, lakini vikonyo vilivyo ardhini hubaki hai na kuchipua mvua ikinyesha. Nyasi za Kikuyu asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na zimesambaa hadi California na Australia kwa sababu ya uhodari huohuo. Nyasi zikiwa na kiu husema mapema: rangi inafifia na kuelekea kijivu, na ukikanyaga, alama ya mguu inabaki badala ya majani kuinuka. Chukua bisibisi refu ulisukume ardhini. Likizama bila shida hadi sentimita kumi na tano, udongo una maji na doa lako lina sababu nyingine: mchwa, mkojo wa mbwa, mafuta ya gari, mashine ya kukatia nyasi yenye kisu butu. Likigoma juujuu, hapo tuendelee.

Mifumo mingi imepangwa ifanye kazi alfajiri, na ni sawa. Upepo umetulia, jua halijaanza kunyonya maji, na majani hupata nafasi ya kukauka asubuhi ili kuvu isipate makazi. Lakini matokeo yake ni kwamba hakuna anayeuona mfumo ukifanya kazi. Unaweza kukaa mwaka mzima na kichwa kilichovunjika kinachorusha maji barabarani usijue, kwa kuwa ukiamka jua limeshafuta ushahidi. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi wakati wa kiangazi, washa kila kanda, yaani kundi la vichwa vinavyofunguliwa na valvu moja, mchana kwa dakika mbili au tatu, utembee nayo. Beba vijiti vya kuweka alama, spana, bisibisi, na kalamu. Usitengeneze chochote katika mzunguko huo wa kwanza. Tazama tu, uchomeke kijiti penye kasoro, uandike.

Utakachokiona kwanza ni vichwa vyenyewe. Vile vinavyoibuka kutoka ardhini vinapaswa kusimama wima na midomo yake kuwa sawa na uso wa udongo. Baada ya miaka michache udongo na matandazo ya nyasi hupanda, kichwa kinazama, na maji yanagonga majani yaliyo karibu yasifike mbali. Kichwa kilichokanyagwa na gari huinama, upande mmoja kikachimba ardhi na upande mwingine kikarusha maji hewani. Dawa ya yote mawili ni jembe dogo na subira: chimba kukizunguka, kiinue, kisimamishe, shindilia udongo taratibu. Kama maji yanavuja shingoni kichwa kinapoibuka, ringi yake ya mpira imechakaa au ina mchanga. Kama hakirudi chini maji yakikatwa, mara nyingi ni chembe za mchanga zimekwama kwenye shina. Ukibadilisha kichwa, washa maji kwanza bila nozeli wala kichujio kidogo kilicho chini yake, uchafu wote utoke, ndipo uzirudishe. Mafundi wanaoruka hatua hii huacha kichwa kipya kikiwa kimeziba tangu siku ya kwanza.

Vichwa vya kugonga, vile vya shaba au plastiki vinavyozunguka kwa mlio wa tik-tik, vina mambo yao. Vilibuniwa mwaka 1933 na Orton Englehart, mkulima wa machungwa wa Glendora, California, na ubunifu huo ukawa msingi wa kampuni ya Rain Bird. Mkono wenye springi unapigwa na mkondo wa maji, unarudi, unagonga, na kila pigo linasogeza kichwa kidogo. Kikiacha kuzunguka, watu hukimbilia grisi. Usiipake. Maji yenyewe ndiyo kilainishi chake. Grisi na mafuta hushika mchanga, na mchanga hula shingo ya kichwa mpaka kinalegea kabisa. Kifungue, ukisugue kwa maji safi na mswaki wa zamani, ukague kama springi bado ina nguvu.

Sasa tazama umbo la maji yenyewe, maana hapo ndipo penye habari kubwa kuliko kote. Kama yanatoka kama ukungu mweupe unaopeperuka, presha imezidi: matone yamekuwa madogo mno na upepo wa kusi unayachukua kwa jirani. Kama yanatoka kwa mkondo mnene usiotawanyika, na kukizunguka kichwa kuna pete ya nyasi za kijani yenye ukavu katikati, presha ni ndogo. Vichwa vya kunyunyiza hufanya kazi vizuri kwenye bar 2 hivi. Vile vinavyozunguka huhitaji karibu bar 3. Geji ya presha ni kifaa cha bei ndogo, na ningependa kila nyumba yenye sprinkla iwe nayo. Ifunge kwenye koki iliyo karibu na kanda unayoikagua, usome sprinkla zikiwa zinafanya kazi. Namba unayoisoma maji yakiwa yamesimama haikusaidii.

Kwetu presha inategemea tanki na pampu, na hapa makosa ya ujenzi ni mengi. Kila mita kumi za kimo cha maji zinatoa bar moja hivi. Tanki lililo juu ya mnara wa mita sita linakupa bar 0.6 ardhini, na hiyo kabla paipu na viungo havijala sehemu yake. Inatosha bafu, inatosha mpira wa kumwagilia maua kwa mkono, haiwezi kuinua sprinkla. Pampu inahitajika, na pampu ina kibati chenye namba mbili ambazo wauzaji hupenda kuzitaja pamoja: kimo cha juu kabisa na ujazo wa juu kabisa. Namba hizo haziji kwa wakati mmoja. Chukua pampu ndogo ambayo kibati chake kinasema mita 40 na lita 40 kwa dakika. Mita 40 ni pale ambapo haitoi hata tone. Lita 40 ni pale ambapo haisukumi kitu. Ikisukuma mita 20, yaani bar 2, itatoa kama nusu ya lita zile. Kichwa cha kunyunyiza nusu duara chenye kufika mita nne na nusu hutumia kama lita saba kwa dakika. Kwa hiyo pampu hiyo inalisha vichwa viwili, labda vitatu kwa wakati mmoja. Ukikuta kanda yenye vichwa vitano imefungwa kwenye pampu ya namna hiyo, umepata chanzo cha doa lako, na dakika mia haziwezi kulitibu. Kanda igawanywe mara mbili, au pampu ibadilishwe.

Hali hii huja polepole. Mfumo unaanza ukiwa sawa, kisha bustani inapanuliwa, anaitwa fundi bomba, anaongeza vichwa viwili kwenye paipu iliyopo, na kanda nzima inadhoofika. Kwa hiyo katika ukaguzi uliza daima ni nini kimeongezwa tangu mwaka jana. Uliza pia ni nozeli gani zimewekwa. Vichwa vya kunyunyiza humwaga maji kwa kasi inayozidi mara mbili ya vile vinavyozunguka. Vikichanganywa kwenye kanda moja, upande mmoja utalowa upande mwingine ukisubiri. Na vichwa vyote vipangwe ili maji ya kimoja yafike kwenye mguu wa kingine. Wengi wakisikia hivyo hudhani ni ubadhirifu. Lakini kila kichwa humwaga maji machache kadiri yanavyokwenda mbali, na ni jirani yake anayejazia.

Ukishasafisha na kusimamisha vichwa, pima kwa makopo. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na hakihitaji fundi. Tafuta makopo kumi na sita yanayofanana, yenye kuta zilizonyooka, kama ya nyanya au ya maziwa ya unga. Yapange kwenye kanda moja kwa umbali unaolingana, mengine karibu na vichwa, mengine katikati, na usisahau lile doa. Siku isiyo na upepo, washa kanda kwa dakika kumi na tano. Kisha tumbukiza rula katika kila kopo na uandike milimita kwenye mchoro wa bustani.

Tuseme wastani wa makopo yote ni milimita 6, lakini makopo manne makavu zaidi yana wastani wa milimita 3. Gawa 3 kwa 6: unapata nusu, asilimia 50. Maana yake, ili robo ile kavu ipate milimita 20 zake kwa wiki, lazima umwage wastani wa milimita 40. Kwenye mita za mraba 150 hizo ni lita 6,000. Ukirekebisha vichwa na presha mpaka uwiano ufike asilimia 70, kiwango ambacho mfumo wa nyumbani unaweza kukifikia, unahitaji kama milimita 29 tu, au lita 4,300. Lita 1,700 kila wiki zimeokolewa kwa spana na bisibisi, na doa limepata maji. Ndipo sasa taima iwekwe: milimita 6 kwa dakika kumi na tano ni milimita 24 kwa saa, kwa hiyo milimita 29 zinahitaji dakika sabini na mbili kwa wiki, zikigawanywa katika siku mbili au tatu.

Namna ya kuzigawa inategemea udongo. Mchanga wa pwani hupokea maji upesi na kuyaachia upesi. Ukimwaga mengi kwa pamoja yanapita chini ya mizizi, kwa hiyo mara tatu kwa wiki ni bora kuliko mara moja. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa Nairobi ni kinyume chake. Ukishalowa juu unajifunga, na maji ya ziada hutiririka hadi kwenye lango. Kwa udongo huo washa dakika kumi, pumzisha saa nzima, washa tena kumi. Taima nyingi zinaweza kupangwa hivyo kwa kutumia saa tofauti za kuanza. Ukifika kwenye taima, angalia na betri yake ndogo. Umeme ukikatika na betri ikiwa imekufa, baadhi ya taima hupoteza mpango wako na kurudia ule wa kiwandani, unaomwagilia kila siku.

Valvu ndizo zinazoogopwa zaidi, labda kwa sababu zimefichwa kwenye kisanduku chenye matope na mijusi. Ndani ya kila valvu kuna kiwambo cha mpira kinachoinuka na kushuka, na juu yake solenoidi inayopokea umeme mdogo wa volti 24. Kanda isipofungika, fikiria mchanga kwanza: chembe moja ikilala chini ya kiwambo, maji hayakatiki. Funga koki kuu, fungua skrubu, suuza kiwambo, kitazame dhidi ya mwanga uone kama kimetoboka, kisha rudisha skrubu kwa kukaza zinazotazamana. Kanda isipofunguka, izungushe solenoidi kwa mkono kidogo. Maji yakija, valvu ni nzima na tatizo ni umeme. Pima solenoidi kwa mita kupitia nyaya zake kwenye taima: omu 20 hadi 60 ni kawaida, na kama hakuna usomaji wowote, koili imeungua au waya umekatika, mara nyingi kwa jembe la mtu aliyekuwa akipanda maua.

Kuna uvujaji mmoja unaowasumbua watu bure. Baada ya kanda kuzimwa, kichwa kilicho chini zaidi kwenye mteremko hutiririsha maji kwa dakika kadhaa. Hayo ni maji yaliyobaki kwenye paipu yakitafuta njia. Kichwa chenye valvu ndogo ya kuzuia ndani yake kitayazuia. Lakini yakiendelea baada ya saa moja, rudi kwenye kiwambo. Uvujaji wa chini ya ardhi hujionyesha kwa nyasi zilizostawi mno mahali pamoja na udongo unaobonyea. Ukiutilia shaka, funga matumizi yote usiku, weka alama kwenye mrija wa kuonyesha kina cha tanki, uitazame alfajiri.

Usalama hauhitaji maneno mengi, ila usiachwe. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kugusa pampu, na pampu iwe na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Tanki liwe na swichi ya boya inayozima pampu maji yakiisha, kwa sababu pampu ikizunguka kavu huunguza sili yake kwa muda mfupi. Na bomba linalojaza tanki la bustani limwage kutoka juu, mdomo wake usizame majini kamwe. Siku ya mgao, presha ya bomba la mtaani inaposhuka, mdomo uliozama unaweza kunyonya maji ya bustani, pamoja na mbolea au dawa uliyochanganya, na kuyarudisha kwenye bomba ambalo watu hunywa.

Wanaotumia visima karibu na bahari wana mzigo wa ziada. Maji ya chumvi yakinyunyizwa kwenye majani wakati wa jua huyaunguza ncha, na doa lake hufanana sana na doa la ukame. Mwagilia usiku wa manane au alfajiri, na mara mojamoja mwaga maji mengi kwa pamoja ili yashushe chumvi chini ya mizizi. Kama chumvi ya kisima imezidi, badilisha nyasi: zipo aina za paspalum za ufukweni zinazostahimili chumvi ambayo ingeua nyasi nyingine. Maji yenye chokaa nayo huziba nozeli. Ziloweke katika siki usiku kucha, uzisugue kwa mswaki. Usitumie sindano wala waya, maana tundu likikwaruzika umbo la maji halirudi tena.

Masika ikifika, zima taima kabisa. Sprinkla zinazofanya kazi huku mvua inanyesha ni jambo linaloonekana mitaa mingi, na linaniuma kila mara. Kisha, mvua zikiisha, usiuamshe mfumo kwa kubonyeza taima tu. Paipu zimejaa hewa na tope limetulia, na maji yakiingia kwa kishindo hupasua viungo. Safisha kichujio kikuu. Ng'oa nozeli ya kichwa cha mwisho katika kila kanda. Zima pampu na upime upepo wa tanki dogo la presha lililofungwa kwenye pampu, likiwa tupu, uwe bar 0.2 chini ya presha inayowasha pampu. Washa pampu tena, fungua koki kuu robo, subiri hewa itoke na maji machafu yaishe, ongeza taratibu hadi mwisho. Rudisha nozeli, washa kanda ya kwanza, na utembee nayo ukiwa na vijiti vyako mkononi.